Kolagi ya dijitali yenye kina: bango la Mashahidi wa Uganda, hatua kwa hatua

“Mwalimu, mbona basilika yangu inaelea?”

Aliyeuliza ni binti wa kikundi cha vijana parokiani, wiki mbili kabla ya tarehe 3 Juni, siku ya Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao. Alikuwa amekata picha vizuri kuliko mimi: nguzo za shaba za basilika ya Namugongo, kanisa la Mashahidi hao, moja moja, bila hata ukingo mmoja kuchafuka. Akaiweka basilika katikati, mbele akaweka umati wa mahujaji, nyuma mawingu, juu njiwa. Kila kitu kikali kama wembe, na kila kitu kinaonekana kimebandikwa. Nikamwonyesha kwa kidole: jua la basilika linatoka kulia, jua la umati liko utosini, na njiwa kapigwa kwa flashi usiku.

Tangu siku hiyo nimeletewa kazi nyingi zenye ugonjwa uleule. Mtu anakesha akinoa mkasi, kumbe mkasi hauna kosa. Kila picha imekuja na jua lake na hewa yake, na hakuna aliyeziamuru zikae chini ya jua moja. Mwongozo huu wa kolagi, yaani picha moja iliyoungwa kwa picha nyingi zilizokatwa, unafuata kazi moja tangu mwanzo hadi kwenye mashine ya kuchapa: bango la ukubwa wa A3 la siku ya Mashahidi. Ukiimudu hii, za Krismasi, Pasaka na Idd utazimudu.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

Kompyuta yenye RAM ya GB 8. GB 4 itafanya kazi huku ikikoroma. Kazi hii inajengwa kwa tabaka (layers), kama karatasi angavu zilizolaliana, kila moja na picha yake. Tabaka moja la A3 kwa ubora wa kuchapa lina pikseli milioni 18 hivi, yaani takriban MB 72 za kumbukumbu. Tabaka kumi na tano tayari zimepita GB 1, na programu yenyewe hujaihesabu.

Programu ya GIMP, ya kuhariri picha. Ni ya bure na haihitaji intaneti ukishaiweka. Photopea nayo ni nzuri, ila inafanya kazi ndani ya kivinjari, na kwa kawaida unahitaji bando ili kuifungua. Majina ya vitufe nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini ili usipotee.

Simu yenye kamera ya megapikseli 12 au zaidi. Nyingi ya picha utazipiga mwenyewe.

Panya. Kukata picha kwa kidole kwenye kibao cha laptopu ni adhabu.

Flashi ya kuhifadhia nakala, na karatasi na penseli. Penseli ndiyo watu wanayoidharau, nayo ndiyo tunaanza nayo.

## Hatua ya 1: Amua mtazamaji anasimama wapi

Usifungue kompyuta bado. Chora kijisanduku cha ukubwa wa kiganja, ukigawe mbele, katikati na nyuma. Kisha jiulize: anayetazama bango hili amesimama wapi?

Wengi hujibu “mbele ya basilika”, kama mtalii. Mimi nilijibu hivi: amesimama ndani ya matete. Karoli Lwanga na wenzake walifungwa kwenye matete na kuchomwa moto Namugongo, tarehe 3 Juni 1886. Basi matete nayaweka mbele kabisa, meusi, yakiziba pembe za chini za bango, na mwali wa moto kati yake. Mtazamaji anachungulia kupitia hayo matete. Anamwona mama hujaji kwa mgongo, kashika rozari na kidumu cha njano cha kuchotea maji, anaelekea umati. Mbali, katika ukungu wa asubuhi, ipo basilika.

Ona kilichotokea. Kitu kidogo kuliko vyote ni basilika, na jicho bado linaishia hapo, kwa sababu kila kilicho mbele kinaielekeza. Mtu mwingine angeijaza karatasi nzima kwa basilika, na pasingebaki njia ya kuiendea.

Sheria yangu ni alama tatu za dini kwa bango moja, zisizidi. Hapa ni matete yenye moto, rozari na basilika. Njiwa, kikombe, biblia iliyofunguliwa na mikono iliyofumbatana ziache kwa bango lingine.

Utajua umefaulu ukimwonyesha mwenzako mchoro wa penseli akakwambia, bila kuulizwa, kipi kiko karibu na kipi kiko mbali.

## Hatua ya 2: Piga picha zako chini ya jua moja

Hapa ndipo kazi inaposhinda au kushindwa.

Uganda imepitiwa na ikweta. Saa sita mchana jua liko karibu utosini, vivuli vinajikunja chini ya nyayo, na macho ya watu yanakuwa mashimo meusi. Picha ya saa sita haitaungana na picha nyingine yoyote. Piga kati ya saa moja na nusu na saa tatu asubuhi, au saa kumi na saa kumi na mbili jioni, kisha chagua upande mmoja wa jua na uushikilie kwa picha zote. Mimi nimechagua kushoto, nyuma kidogo ya vitu. Kabla ya kupiga natazama kivuli changu kimelala wapi. Kama kimelala vibaya, nazunguka.

Mambo mengine matatu ya kamera:

*Shikilia simu usawa wa macho yako ukiwa umesimama.* Kila picha. Sababu utaiona kwenye hatua ya 5, na ukiikosea hapa huwezi kuirekebisha kule.

*Usiinamishe simu kuelekea juu unapopiga jengo.* Kuta zitaegemea nyuma kama zinataka kuanguka. Rudi nyuma hadi jengo lote liingie kwenye fremu simu ikiwa wima.

*Kaa kwenye kamera moja, bila kuvuta kwa vidole.* Kuvuta kwa vidole ni kukata picha tu na kuinyima pikseli. Mama wa mbele atakuwa na sentimita 16 kwenye karatasi. Kwa nukta 300 kwa inchi anahitaji pikseli 1,900 hivi za urefu. Jaza fremu naye.

Kuhusu watu: mahujaji ni watu, si mapambo. Umati wa mbali kwa migongo hauna shida, lakini sura inayotambulika iombee ruhusa. Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2019, na hata isingekuwepo, ni adabu. Mama wa bango hili ni dada yangu mwenyewe, nimempiga uani akiwa na kidumu cha jikoni.

Kuhusu picha za mtandaoni: sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006 inawalinda wachoraji na wapiga picha. Michoro ya Mashahidi inayozunguka kwenye simu ina wenyewe. Ukikosa picha fulani, tafuta kwenye Wikimedia Commons na usome leseni iliyo chini yake. Nyingine zinadai umtaje mpigaji.

Onyo: usitumie picha iliyokujia kwa WhatsApp kama picha ya kawaida. Njiani imebanwa. Mwaka mmoja nilijaza bango zima kwa picha za namna hiyo, kwenye skrini zikang’aa. Kwenye karatasi nyuso za wanakwaya zilitoka na vijisanduku kama sakafu ya vigae, na bango lilikuwa limeshalipiwa. Aliye na picha asili akutumie kama dokumenti.

## Hatua ya 3: Andaa karatasi

Bonyeza Ctrl+N. Andika upana pikseli 3579, urefu 5032, na nukta 300 kwa inchi. Hiyo ni A3 pamoja na milimita 3 za ziada kila upande, kwa ajili ya kisu cha mchapaji. Bila hiyo ziada, kisu kikiteleza kidogo utabaki na mstari mweupe pembeni.

Tengeneza makundi matano ya tabaka na uyape majina, kuanzia chini: anga, basilika, umati, mama, matete. Hifadhi kwa Ctrl+S, kisha kila baada ya hatua hifadhi nakala mpya yenye namba. Umeme ukikatika hautakuuliza umefika wapi.

## Hatua ya 4: Kata, lakini usifute

Fungua picha kama tabaka kwa Ctrl+Alt+O. Chukua kalamu ya njia (Paths) kwa kubonyeza B, zunguka umbo kwa nukta, kisha igeuze njia kuwa uteuzi (selection), yaani eneo ulilolichagua. Usichukue raba. Ongeza barakoa ya tabaka (layer mask) kutokana na uteuzi huo: palipo peupe kwenye barakoa panaonekana, palipo peusi panafichika. Ukikosea, unapaka tena. Raba ikishakula sikio la mtu halirudi.

Pita ndani ya ukingo kwa pikseli mbili hivi. Ukingo wa nje daima umebeba rangi ya mahali picha ilipotoka, na huo ndio uzi mweupe unaowazunguka watu kwenye mabango ya mtaani. Kisha lainisha ukingo wa barakoa kwa pikseli 1. Katika picha ya kamera hakuna ukingo mkali kama wembe, hata wa jiwe.

Nywele na nyuzi za kanga usizifuate moja moja. Kata kwa jumla, kisha paka kwenye barakoa kwa brashi ndogo yenye kingo laini.

Kosa la kila mtu: unapaka, na rangi nyeusi inatua kwenye picha badala ya barakoa. Angalia vijipicha viwili vya tabaka hilo. Chenye fremu nyeupe ndicho unachokipaka. Bofya cha barakoa kwanza.

## Hatua ya 5: Mstari wa macho, dawa ya kuelea

Sasa jibu la yule binti.

Vuta mstari mwongozo wa mlalo kutoka kwenye rula ya juu, uuweke pikseli kama 2000 kutoka chini ya karatasi. Huo ni upeo wa macho, yaani kimo cha macho ya mtazamaji. Kama picha zako zote zimepigwa usawa wa macho kwenye ardhi tambarare, sheria ni moja: macho ya kila mtu mzima aliyesimama, awe karibu au mbali, yanakaa kwenye mstari huo. Kinachobadilika ni nyayo. Aliye karibu nyayo zake ziko chini kabisa ya karatasi. Aliye mbali nyayo zake zimepanda kuukaribia mstari.

Chukua mama. Macho yake, au usawa wa masikio kwa kuwa kaipa kamera mgongo, uyaweke kwenye mstari. Nyayo zake ziwe pikseli 200 kutoka chini. Kutoka mstari hadi nyayo ni pikseli 1800. Mtu ambaye nyayo zake ziko pikseli 900 chini ya mstari atakuwa nusu ya mama. Aliye pikseli 300 chini ya mstari atakuwa sehemu moja ya sita. Huhitaji kubahatisha, bonyeza Shift+S, punguza, pima.

Na basilika? Mtu akisimama mlangoni pake, macho yake nayo yako kwenye mstari. Basi msingi wa jengo unakaa chini *kidogo sana* ya mstari, pikseli 100 au pungufu, na lote lililobaki linapanda juu yake. Binti alikuwa ameuweka msingi juu ya upeo. Jengo ambalo msingi wake uko juu ya macho ya mtu aliye tambarare lazima lielee, hata ulikate kwa dhahabu.

Tulipoishusha basilika yake kwa upana wa vidole viwili alinyamaza kidogo, halafu akasema, “Kumbe ilikuwa imepanda tu.”

Watoto vichwa vyao viwe chini ya mstari. Aliyebebwa mabegani awe juu. Umati wote ukiwa na vichwa sawasawa kama ua wa michongoma, ongeza mtoto na baba aliyembeba; utaona unavyopumua.

Onyo la kugeuza: mtu mwenye jua la upande mbaya unaweza kumgeuza kwa Shift+F, lakini tazama kwanza kashika nini. Askofu anayebariki kwa mkono wa kulia atakuwa anabariki kwa kushoto. Maandishi kwenye fulana yatasomeka kinyume. Aya ya Kiarabu iliyogeuzwa ni aibu ambayo hakuna atakayekusamehe, na asiyejua Kiarabu hataiona hadi bango liwe ukutani.

## Hatua ya 6: Tia hewa

Panda kilima cha Rubaga, Kampala, asubuhi utazame kile cha Namirembe, halafu vya mbali zaidi. Kadiri kilima kinavyokuwa mbali, weusi wake unafifia na kuelekea rangi ya anga. Kati yako na kilima kuna vumbi, unyevu na moshi wa jikoni, na mwanga unatawanyikia humo. Kamera ya simu iliyosogea karibu haikupata hewa hiyo. Lazima uitie.

Bofya kijipicha cha basilika, chenyewe si barakoa, ufungue Levels, dirisha la kurekebisha giza na mwanga. Chini kuna mstari wa Output Levels wenye namba 0 upande wa kushoto. Hiyo ni nyeusi kuliko zote inayoruhusiwa. Ipandishe:

- basilika: 80
- umati wa nyuma: 45
- umati wa karibu: 20
- mama: 0, usimguse

Matete ya mbele yafanyie kinyume: acha kushoto 0, ila upande wa kulia ushushe kutoka 255 hadi 120 hivi. Yatakuwa karibu kivuli kitupu, nayo yatasukuma kila kitu nyuma.

Kisha rangi. Bofya barakoa ya basilika kwa kitufe cha kulia, chagua Mask to Selection, fungua tabaka jipya juu yake. Chota rangi ya anga iliyo jirani na jengo kwa kitone cha rangi, kitufe O, uimimine humo, halafu punguza mwonekano (Opacity) hadi asilimia 20. Kwa umati wa nyuma, asilimia 10.

Mwisho, ukungu wa ardhini. Brashi kubwa laini, rangi hiyohiyo ya anga, mwonekano asilimia 15, pitisha mara mbili tatu miguuni mwa basilika, nyuma ya umati. Mkono uwe mwepesi. Ukizidisha utapata moshi wa tanuri la matofali.

Kuhusu kufifisha kwa Gaussian Blur, watu huanza na hilo, ndiyo maana nimeliweka mwisho. Basilika pikseli 2, umati sifuri, mama sifuri, matete pikseli 12 kwa kuwa yako puani mwa kamera. Kina kimeshapatikana kwa hewa. Hii ni chumvi tu.

Utajua umefaulu ukikunja macho hadi yabaki mwanya, ukaona matabaka matatu ya giza: jeusi, la kati, jepesi. Ukiona uji mmoja, rudi kwenye namba.

Kwenye anga mimi huweka picha ya nguo ya magome, olubugo, ile inayotengenezwa kwa gome la mutuba. Ustadi wa kuitengeneza uko kwenye orodha ya urithi ya UNESCO, na huko Buganda ndiyo nguo ya kuzikia pia, kwa hiyo imebeba maana yake yenyewe bila kuandikwa. Iweke juu ya anga kwa hali (Mode, namna tabaka linavyochanganyika na lililo chini yake) ya Soft Light, asilimia 30. Nyuzi zake zisifike kwenye watu. Zikifika, kina chote kinalala chali.

## Hatua ya 7: Vivuli viwili kwa kila mwenye miguu

Wengi hutia kivuli kimoja, wengine hakuna.

Kivuli cha mguso ni ule weusi mwembamba pale nyayo zinapokutana na ardhi. Tabaka jipya chini ya mama, hali ya Multiply inayotia giza, brashi ndogo, mstari mfupi chini ya kila kandambili, ufifishe kwa pikseli 5. Ni kidogo hivyo, na ndicho kinachomshikilia mtu ardhini.

Kivuli kilicholala kinasema jua liko wapi. Nakili umbo la mama, lijaze rangi ya giza, lilaze kwa Shift+T kuelekea kulia na mbele kidogo, kwa kuwa jua letu liko kushoto nyuma. Urefu? Saa mbili na nusu asubuhi mwezi Juni, kivuli hapa kwetu ni zaidi kidogo ya mara mbili ya kimo cha mtu. Kikitoka nje ya karatasi, kiache kitoke. Hali iwe Multiply, mwonekano asilimia 50 karibu na nyayo, ukififia unavyoenda mbali, na kingo zizidi kulainika kadiri kinavyoziacha nyayo.

Rangi ya kivuli isiwe nyeusi tupu. Chota weusi wa udongo wenyewe. Kwenye murramu kivuli ni kahawia nzito. Nyeusi tupu juu ya udongo mwekundu inaonekana kama shimo.

Umati wa mbali unahitaji mguso tu, mstari mmoja mrefu. Basilika hivyo hivyo.

## Hatua ya 8: Moto, na cheche 22

Piga picha ya moto wa kuni usiku, simu ikiwa mbali na mwali, nyuma kukiwa giza tupu. Iweke kati ya matete kwa hali ya Screen. Weusi wote unatoweka na mwali unabaki, bila kukata chochote. Ni tabaka linalojikata lenyewe.

Ila moto usioangaza chochote ni stika. Tabaka jipya juu ya matete, hali ya Soft Light, rangi ya chungwa, paka kwenye kingo za matete zinazoutazama mwali. Mguse mama kidogo kwenye kisigino na pindo la gomesi, gauni lake refu, upande wa moto. Usipake tumbo wala mgongo mzima. Mwali mdogo haufiki huko.

Juu ya moto naweka cheche zinazopanda kuelekea basilika. Zilizo karibu ni kubwa na zimefifishwa, zilizo mbali ni nukta za pikseli 6. Hizo cheche ni 22, kama nguzo za basilika, kwa watakatifu 22 waliotangazwa na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964. Mara ya kwanza nilizitupa tu bila kuhesabu. Mzee mmoja wa parokia alisimama mbele ya bango, mikono nyuma, dakika nzima, kisha akasema zipo 21, ni nani nimemwacha. Sasa nahesabu.

Si wote 22 waliochomwa siku ile. Yosefu Mukasa Balikuddembe alikatwa kichwa tarehe 15 Novemba 1885, na wengine waliuawa mahali pengine kwa njia nyingine. Kwa hiyo cheche zangu chache hazitokei kwenye mwali. Zinaanzia kando, gizani. Bango likiwa la Wakatoliki na Waanglikana pamoja, ongeza 23, ziwe 45.

Ukitaka kuweka mtakatifu mwenye duara la nuru: duara linakaa *nyuma* ya kichwa, kwenye tabaka la chini yake, na linaangaza kidogo mabega na kingo za nywele. Duara lenye msalaba ndani yake ni la Kristo, si la watakatifu, katika mapokeo ya sanamu takatifu. Nimeona mtu amempa Kizito, mmoja wa wale 22.

Kwa bango la Idd, hatua zote ni zilezile, ila matete yageuke kimiani chenye nakshi za maumbo, na mbali uwe msikiti wa Old Kampala katika hewa ya jioni. Sura ya mtume yeyote usiweke. Aya ya Kurani usiiweke chini ya miguu ya watu kwenye picha, na fikiria pia bango lenyewe litaishia wapi sherehe zikiisha.

## Hatua ya 9: Vaa wote rangi moja

Juu ya kila kitu, tabaka moja limejazwa rangi ya dhahabu ya asubuhi, hali ya Soft Light, asilimia 15. Juu yake tabaka la kijivu cha katikati lenye chembechembe za Noise, hali ya Overlay, asilimia 8. Picha za simu mbili tofauti zina chembe tofauti. Ukizimwagia zote chembe moja, jicho linaziamini.

Kisha majaribio mawili. Punguza picha kwenye skrini hadi iwe kama stempu: bado unaona njia kutoka matete hadi basilika? Geuza picha nzima kwenye skrini kulia kwenda kushoto: kitu gani kimekurukia? Hicho ndicho kilichokosewa, maana jicho lilikuwa limeshakizoea.

## Kwa mchapaji

Skrini inatoa mwanga, karatasi haitoi. Buluu kali itazimika, chungwa la moto litapungua, na kila kitu kitakuwa giza kuliko ulivyoona. Kabla ya kuhifadhi nakala ya kuchapa, pandisha mwanga wa kati kidogo, kwenye Levels pale katikati kutoka 1.00 hadi 1.10.

Toa faili kwa Ctrl+Shift+E kama PNG au TIFF, uipeleke kwa flashi. Ukienda Nasser Road, mtaa wa wachapaji wa Kampala, wiki ya mwisho ya Mei utakuta foleni ya mabango ya parokia nusu ya Kampala, na kijana wa mashine hatakuwa na muda wa kukusikiliza. Nenda mapema. Mwombe akuchapie kwanza kipande cha upana wa kiganja, kinachoshika moto, kisigino cha mama na kona ya basilika. Kitoe nje, kitazame juani, si chini ya taa yake ya buluu. Kama kisigino bado kinaonekana kikiwa na mwanga wa moto, mwambie aendelee.